UZI: Kubadilisha jina la mradi wa programu dhibiti katika msimbo chanzo wote, na kwa nini sed peke yake haitoshi

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Kwa miezi miwili iliyopita mimi na wenzangu wawili tumekuwa tukibadilisha jina la programu dhibiti ya ruta (firmware, programu inayokiendesha kifaa chenyewe) tunayoitunza, ambayo ilichipuka kutoka OpenWrt, mfumo huria wa ruta, na inaendesha ruta za shule kadhaa. Jina la zamani lilibeba chapa ya kampuni iliyotengeneza ruta ya kwanza tuliyoifanyia kazi. Tulipoongeza ruta za kampuni nyingine jina likawa halisemi kweli, na isitoshe chapa ya mwenzio si mali yako. Kwamba libadilishwe, hakuna aliyepinga. Ugumu ulikuja tulipofungua msimbo chanzo na kulikuta jina hilo mahali zaidi ya mia tisa, na ndiyo maana nimefungua uzi huu. Nataka kueleza tulivyokosea, tulivyojirekebisha, na yale tuliyojifunza kwa miradi mikubwa iliyotutangulia katika njia hii.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilisimama kwenye mzizi wa hazina (folda ya msimbo inayotunzwa na git, programu ya kuhifadhi historia ya mabadiliko) nikaandika amri ya find inayopitisha kila faili kwenye sed, chombo cha kubadilisha maneno ndani ya mafaili, bila kukumbuka kwamba folda ya .git nayo ni folda kama nyingine. Faharasa ya git hutunza njia za mafaili yote pamoja na hesabu ya uhakiki (checksum); sed ilipogusa jina ndani yake, hesabu haikulingana tena, na amri iliyofuata ikajibiwa kwamba faharasa imeharibika. Nilivuta nakala safi kutoka kwenye seva, yakaisha. Tangu siku hiyo orodha ya mafaili ya kugusa tunaiomba kwa git yenyewe, kwa amri ya git grep -lI, ambayo haiingii ndani ya .git na huyaruka mafaili yasiyo ya maandishi.

Kosa la pili lilikuwa la sote watatu, na ndilo lililotufumbua macho. Baada ya kubadilisha jina karibu kila mahali, programu ilijengeka bila hitilafu. Ruta ya majaribio mezani kwangu iliwaka ikionyesha jina jipya, nasi tukaona kazi imekwisha. Tukaisasisha ruta ya shule moja kwa sysupgrade, amri ya OpenWrt ya kuweka toleo jipya, tukiihifadhi mipangilio kama kawaida. Asubuhi mwalimu wa kompyuta akapiga simu kwamba Wi-Fi ya shule imepotea na mahali pake pametokea Wi-Fi nyingine isiyo na nywila. Nilikwenda, nikaunganisha kompyuta yangu kwa waya pale kwenye meza ya walimu, nikaorodhesha folda ya /etc/config. Mafaili mawili yalikuwa yamekaa sambamba: moja lenye jina la zamani, baiti 2113, lenye mipangilio yote ya shule; na jingine lenye jina jipya, baiti 388, ambalo ni la chaguomsingi. Sasisho lilikuwa limehifadhi kila kitu kwa uaminifu. Ila programu mpya ilikuwa inatafuta faili la jina jipya tu, na lile la zamani likabaki pale pale halisomwi na yeyote.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tumejiuliza swali lisilo lenyewe. Sisi tulikuwa tunauliza jina liko wapi, ilhali swali lenye manufaa ni nani anayelisoma mahali hapo. Kuna jina linalosomwa na binadamu: ukurasa wa kuingilia, ujumbe wa kiweko (console), maelezo ya matumizi. Hilo libadilishe leo hii bila hofu. Kuna jina linalosomwa na kikompaili (kinachogeuza msimbo kuwa programu) peke yake, yaani majina ya vigeu, ya makro (vifupisho vya msimbo) na ya vitendaji vya ndani, nalo ukilibadilisha nusunusu jengo (build) litakataa na utajua papo hapo. Halafu kuna jina linalosomwa na mashine nyingine, au na toleo jingine la programu yako mwenyewe lililojengwa mwaka juzi: njia za mafaili ya mipangilio, majina ya vifurushi, utambulisho wa kifaa ndani ya picha ya sasisho (faili zima la programu linalochomwa kwenye ruta), mada za ujumbe kati ya vifaa. Hili la mwisho halikupi onyo lolote wakati wa kujenga. Linasubiri mpaka ufike shuleni.

Mfano ulionisaidia kuliko mingine yote ni wa coreboot, programu dhibiti huria ya kuwashia kompyuta. Mradi huo ulianza mwaka 1999 katika maabara ya taifa ya Los Alamos, Marekani, ukiitwa LinuxBIOS, kwa sababu wazo la mwanzo lilikuwa kuiweka kerneli (kiini) ya Linux ndani ya chipu ya ubao mama mahali pa BIOS ya kiwandani, ile programu inayoiwasha mashine. Baadaye kazi yake ikawa kuiandaa mashine tu, kisha kukabidhi uendeshaji kwa programu nyingine kama SeaBIOS au GRUB. Maneno yote mawili ya jina lile yakapungukiwa na maana: Linux haikuwa lazima tena, na BIOS yenyewe haikuwa. Januari 2008 wakalibadilisha. Maandishi ya kiweko yalibadilika, majina ya mafaili yakabadilika, na ule mstari wa juu ya mafaili uliosema kwamba faili hili ni sehemu ya mradi wa LinuxBIOS ukaanza kusomeka coreboot.

Lakini fungua msimbo wa coreboot wa leo, utafute jedwali ambalo huachwa kwenye kumbukumbu ili programu inayofuata ijue mashine ina kumbukumbu kiasi gani na kiweko chake kiko wapi. Jedwali hilo huanza na baiti nne: L, B, I, O. Ni LinuxBIOS yule yule. Muundo wake unaitwa lb_header, na lebo za vipengele vyake zinaanza na LB_TAG. Kerneli ya Linux ina kiendeshi kinacholisoma jedwali hilo, nacho hulinganisha baiti hizo nne kabla ya kuendelea. Flashrom, programu ya kusoma na kuchoma chipu hizo, nayo huzitafuta. Naamini hawakuziacha kwa kusahau. Baiti zile zinasomwa na programu zilizojengwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti, na kompyuta iliyochomewa chipu yake mwaka 2007 haina habari kwamba mradi una jina jingine. Kumbadilishia jina mtu anayesoma ni adabu. Kuwabadilishia herufi hizo flashrom na kerneli ingekuwa kuvunja makubaliano bila kushauriana.

#2 – Mchangiaji kutoka Mwanza

Mkuu, nimekusoma vizuri, ila hoja yako naiona inaelekea upande mmoja. Ikiwa jina linalosomwa na mashine ni hatari kuligusa, na jina la ndani ya msimbo mtumiaji halioni, kwa nini msibadilishe ukurasa wa kuingilia na nembo peke yake, mengine yote mkayaacha? Mnaokoa miezi miwili. Nimefanya kazi na msimbo wenye majina ya kampuni iliyokwisha kufungwa na hakuna aliyekufa.

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, tulilijadili hilo siku ya kwanza kabisa, na mmoja wetu alikuwa na msimamo kama wako. Sababu ya kulikataa ni wachangiaji wapya. Mwanafunzi anayefungua msimbo kwa mara ya kwanza akakuta majina mawili hawezi kujua kama ni vitu viwili au kimoja. Akitaka kuongeza makro yake, hajui aanze na kiambishi kipi, kwa hiyo anachagua kwa kubahatisha, na baada ya mwaka mmoja mchanganyiko unakuwa mkubwa kuliko ulivyoanza. Jina la zamani linaruhusiwa kubaki mahali ambapo kuna mtu wa nje anayelitegemea, na mahali hapo pawe na maelezo ya mstari mmoja yanayosema kwa nini limeachwa. Pasipo na sababu ya kuandika, libadilishwe.

U-Boot, programu inayowasha vifaa kama ruta, inatoa mfano mzuri wa jambo hili. Chimbuko lake ni msimbo ulioitwa 8xxROM, ukawa PPCBoot ulipohamia tovuti ya SourceForge, ambayo haikuruhusu jina la mradi lianze na tarakimu; PPC ni PowerPC, prosesa ulizozihudumia. Upande wa ARM ukazaa ARMBoot. Na Novemba 2002 ukapatikana mradi mmoja wa jina U-Boot, kwa kuwa jina lililofungwa kwenye aina moja ya prosesa lisingefaa tena. README yao, yaani faili la maelezo ya mradi, haikuishia kutangaza jina. Iliandika kanuni ya tahajia: katika maandishi yote, yakiwemo maelezo ndani ya msimbo, iandikwe U-Boot, majina ya mafaili yajengwe juu ya u-boot yenye herufi ndogo na kistari, vigeu na makro vijengwe juu ya u_boot au U_BOOT, kwa kuwa lugha ya C haikubali kistari ndani ya jina. Kanuni hiyo ni mistari michache, nasi tuliinakili karibu ilivyo. Kabla yake, sisi watatu tulikuwa tumekwisha kuandika jina jipya kwa namna tano.

#4 – Mchangiaji kutoka Nairobi

Nashukuru kwa uzi huu. Ningependa kuongeza la OpenWrt na LEDE, kwa kuwa ndiyo nyumba mliyotokea. Mei 2016 baadhi ya watengenezaji wa OpenWrt walijitenga wakaanzisha LEDE. Toleo lao la 17.01 likatoka Februari 2017. Na Januari 2018 pande mbili zikatangaza kuungana, msimbo ukiwa ule wa LEDE na jina likiwa OpenWrt. Kwa hiyo msimbo ule ule ulipewa jina jipya kisha ukarudishiwa la zamani, katika muda usiofika miaka miwili.

Ukiangalia walichogusa, unaona hasa kile anachokisema mwanzisha uzi. Jina la chaguomsingi la Wi-Fi lilibadilika, jina la mashine likabadilika, jina ndani ya cheti cha seva ya wavuti likabadilika, na picha zilizoanza na lede- zikaanza na openwrt-. Lakini hata wakati wa LEDE faili la /etc/openwrt_release liliendelea kuitwa hivyo hivyo. Lililobadilika ni thamani ya DISTRIB_ID iliyomo ndani, yaani jina la mfumo. Hati (skripti) ngapi za watu zilikuwa zinasoma faili hilo! Kinyume chake, vigeu vya os-release, faili jingine la kuutambulisha mfumo, vilianza na LEDE_, kisha vikawa OPENWRT_, na aliyekuwa na hati inayosoma LEDE_BOARD ilimbidi airekebishe.

Nina tahadhari moja ya lugha pia. Jina fupi ni shida kulitafuta. Atakayetafuta lede bila kujali herufi kubwa na ndogo ataikuta ndani ya enableDebug na ndani ya tableDesc, ambako hakuna uhusiano wowote na mradi. Ukiiacha sed ifanye kazi hiyo bila mipaka ya neno, unazalisha makro na vitendaji ambavyo havijawahi kuwepo duniani.

#5 – Mchangiaji kutoka Arusha

Mimi ninalo swali la historia ya git. Mnapobadilisha majina ya mafaili na yaliyomo kwa pamoja, je, hamjajipotezea uwezo wa kujua nani aliandika mstari upi na kwa nini? Kwetu kazini kazi ya namna hii ilifanywa katika komiti (commit, fungu moja la mabadiliko yaliyohifadhiwa) moja ya mafaili mia sita, na tangu hapo kila mstari unaoulizwa unaonyesha jina la aliyebadilisha chapa, wala si la aliyeandika msimbo.

#6 – Mwanzisha uzi

Swali lako ni la msingi, na jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, git haihifadhi popote habari kwamba faili fulani limehamishwa. Inakisia kwa kulinganisha yaliyomo, na kwa chaguomsingi inataka mfanano wa angalau asilimia 50. Faili refu litavuka kipimo hicho hata likiguswa mistari kumi, lakini faili fupi la kichwa (header), lenye makro ishirini na kila moja ikianza na jina la mradi, likihamishwa na kubadilishwa katika komiti moja litahesabiwa kuwa limefutwa na jingine jipya kuzaliwa. Kwa hiyo tulitenganisha. Komiti ya kwanza ni ya kuhamisha mafaili, pamoja na kurekebisha mistari ya include, inayoyaita mafaili mengine kwa jina, ili jengo lisivunjike, na komiti inayofuata ni ya yaliyomo. Pili, namba za komiti zile za yaliyomo tumeziandika kwenye faili la .git-blame-ignore-revs, ambalo git tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019 inaweza kulitumia ili iziruke komiti hizo inapotafuta mwandishi wa mstari. Kila mchangiaji anatakiwa kuiwasha mipangilio hiyo mara moja kwenye kompyuta yake, nasi tumeliandika hilo mwanzoni kabisa mwa mwongozo.

Naongeza jambo ambalo hukuliuliza lakini limetupotezea siku tatu. Hazina ya aina ya OpenWrt ina folda za viraka, yaani mabadiliko yanayobandikwa juu ya msimbo wa watu wengine wakati wa kujenga. Kiraka kina mistari ya muktadha ambayo lazima ilingane herufi kwa herufi na faili linalobandikwa. Sed yetu ya kwanza iliingia humo, ikabadilisha jina katika mistari ya muktadha, na viraka kumi na viwili vikakataa kubandikwa. Ikaingia pia kwenye anwani za kupakulia msimbo, zikawa zinaelekeza mahali pasipokuwepo. Folda za viraka na anwani sasa tunazipitia kwa mkono, moja baada ya nyingine.

#7 – Mchangiaji kutoka Mwanza

Nimekuelewa kuhusu wachangiaji wapya, na ninaiondoa hoja yangu ya mwanzo. Nina la leseni. Katika kubadilisha kila mahali, je, mmegusa na matamko ya hakimiliki yaliyo juu ya mafaili? Maana nimeona miradi iliyojitenga ambayo mstari wa mwandishi wa kwanza umegeuka kuwa jina la mradi mpya.

#8 – Mwanzisha uzi

Hapana, na sitaki hilo litokee kamwe. Mstari wa hakimiliki unasema nani aliandika na mwaka gani. Hiyo ni habari ya jambo lililokwisha kutokea, na mradi kubadili jina hakubadilishi aliyeandika. Leseni ya GPL toleo la 2 nayo inataka matamko yanayohusu leseni na kutokuwepo kwa dhamana yaachwe kama yalivyo. Wala hatukugusa orodha ya mabadiliko ya matoleo ya zamani. Toleo lililotoka likiitwa jina la zamani litabaki kwenye kumbukumbu likiitwa hivyo.

Ule mstari mwingine wa kutaja mradi juu ya kila faili tumeufuta, hatukuubadilisha. Tulijifunza tena kwa coreboot: baada ya kuubadilisha kutoka LinuxBIOS, mwaka 2020 waliamua kuuondoa kabisa katika msimbo. Mstari ule haumwambii msomaji chochote asichokijua, kwa kuwa faili limo ndani ya hazina ya mradi, na kila jina linapobadilika unakulazimisha kugusa maelfu ya mafaili bure.

Urefu wa jina nao usidharauliwe. Jina letu jipya limezidi la zamani kwa herufi tano. Kichwa cha picha ya uImage, muundo wa picha unaosomwa na U-Boot, kina baiti 64, na kati yake 32 ndizo za jina, ambamo hukaa aina ya prosesa, jina la mradi na toleo la kerneli kwa pamoja, na kinachozidi hukatwa. Kichwa hicho kina hesabu yake ya uhakiki, kwa hiyo msijaribu kurekebisha jina kwa kuihariri picha iliyokwisha kujengwa, U-Boot itaikataa. Jina la Wi-Fi nalo lina kikomo cha baiti 32. Lililotukwamisha hasa ni jina la kiolesura cha mtandao, ambalo Linux hairuhusu lizidi herufi 15. Sisi tulikuwa na mtandao wa ndani unaoitwa kwa jina la mradi, OpenWrt ikaongeza br- (kifupi cha bridge, yaani daraja) mbele yake, na kwa herufi tano zilizozidi tukafika 17. Daraja halikuundwa, na ruta iliwaka ikiwa haina mtandao wa ndani. Tuliupa mtandao huo jina la kazi yake badala ya jina la mradi, ndivyo ulivyopaswa kuitwa tangu mwanzo.

#9 – Mchangiaji kutoka Nairobi

Na zile ruta zilizokwisha kusimikwa shuleni mmezihamishaje? Hilo ndilo ninalolisubiri tangu mwanzo wa uzi.

#10 – Mwanzisha uzi

Kwa njia mbili zinazofanya kazi pamoja. Kwanza, baada ya safari ile ya shuleni tulikuwa tumebadilisha pia utambulisho wa bodi, ule ambao sysupgrade huulinganisha na orodha iliyomo ndani ya picha. Ruta ya zamani ilijitambulisha kwa jina la zamani, ikaiangalia picha mpya, na ikakataa kwa kusema kwamba kifaa hiki hakikubaliwi na picha hii. Dawa yake ni kigeu cha SUPPORTED_DEVICES, ambamo tumeongeza utambulisho wa zamani kando ya mpya. Kuna vishawishi vya kulazimisha sasisho kwa -F, lakini nawasihi sana msizoee. Ukaguzi huo ndio unaokuzuia kuchoma picha ya ruta nyingine.

Pili ni mipangilio, ile iliyotuumbua pale shuleni. Tumeweka hati ndogo kwenye /etc/uci-defaults, ambayo huendeshwa ruta inapowaka mara ya kwanza baada ya sasisho na hufutwa ikimaliza salama. Hati hiyo inaangalia kama lipo faili la jina la zamani kwenye /etc/config; likiwepo, inalinakili juu ya lile la jina jipya na kuliacha la zamani lilivyo, ili ruta ikirudishwa kwenye toleo lililotangulia ikute mipangilio yake. Tuliongeza pia njia zote mbili kwenye orodha ya keep.d, ili sasisho lijalo lisitupe lolote kati yake. Tuliijaribu mara sita kwenye ruta ya mezani, tukienda mbele na kurudi nyuma, kabla ya kuirudia shule ile ile ya kwanza. Safari hii nilikaa na yule mwalimu tukisubiri taa ya Wi-Fi iwake, na simu yake ikajiunga yenyewe kwa jina na nywila zile zile.

Leo git grep ya jina la zamani inatoa mistari 63. Mingi ni ya orodha ya mabadiliko na matamko ya hakimiliki, kumi na minne ni ya SUPPORTED_DEVICES, na iliyobaki ni ya hati ya kuhamisha mipangilio, ambayo itakaa humo mpaka ruta ya mwisho yenye toleo la zamani isasishwe. Zimebaki nne, na moja iko shule ya kisiwani ambako tumepanga kwenda wakati wa likizo ya Desemba. Hati yenyewe nitaibandika hapa jioni, na mwenye kuona kasoro ndani yake aiseme kabla hatujapanda boti.